Gauni la Kufuliwa Peke Yake

Walinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nimeshika pasi. Mama Odette amefariki, wakasema, na kabla sijapata hata pa kukaa wakaongeza kwamba kuna harusi mwezi ujao na hakuna anayethubutu kuligusa lile gauni, kwa hiyo nije. Nikafunga duka, nikapanda teksi hadi Isipingo, kusini mwa Durban. Nyumba ilikuwa imejaa, viti vya plastiki vimepangwa mpaka nje, jikoni wanasonga bugali, na mtu amekwisha kuweka picha ya marehemu mezani akiwa amevaa miwani ambayo hakuipenda. Nilipita katikati yao wote nikaingia chumbani kwake. Gauni lilikuwa mahali pake, juu ya kabati, limefungwa ndani ya shuka la pamba. Nikakaa kitandani kwake nikalia, na kwa kuwa mimi sijui kulia mikono ikiwa mitupu, nikalifungua nikaanza kukagua ukosi. Maharusi ishirini na saba wamelivaa lile gauni. Ishirini na sita kati yao wamelivaa likiwa salama. Mmoja nusura asilivae kabisa, na aliyesababisha hayo ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mwaka ule ndio ninaouhesabu kuwa wa kwanza wa maisha yangu ya ukubwani. Nilikuwa nakaa Isipingo na rafiki yangu Neema katika chumba kimoja nyuma ya duka la simu, pazia katikati, jiko la sahani mbili upande wake, beseni upande wangu. Neema alisuka nywele saluni. Mimi nilikuwa nimepata kazi kwenye dobi moja la Clairwood, kubwa, lenye moshi wa mvuke usiokoma, tulikofua overoli za madereva wa malori na shuka za nyumba za wageni. Jioni tulipika ndakala, dagaa wa kwetu, na nyanya, tukala tumekaa kwenye kitanda chake kwa sababu changu kilikuwa kinalia, na tukasema watu. Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwa Mama Odette. Huyu hakuwa mama wa mtu yeyote pale Durban, lakini sebule yake ndiyo iliyokuwa ya wote: Wakongo, Warundi, mara mojamoja Mtanzania aliyepotea njia akafuata harufu ya sombe, kisamvu chetu. Alikuwa na sauti nene, mguu mmoja wenye maumivu, na gauni.

Gauni lilikuwa na historia yake na sote tuliijua kwa moyo. Ni hariri, alisema Mama Odette, yeye alisema soie, na alilitamka neno hilo polepole kama mtu anayeweka chini kitu cha kuvunjika. Lilitoka mbali, aliletewa na mtu ambaye hakumtaja. Msichana yeyote wa kanisa letu aliyepata mchumba na akakosa gauni angelivaa, kwa sharti moja: alirudishe safi kama alivyolichukua, limefuliwa kwa mkono, kwa maji baridi, kwa sabuni ya mche, ndani ya beseni ambamo hakuna nguo nyingine. Peke yake. Hapo aliinua kidole. Nimewaona wasichana wenye kucha ndefu wakivua pete zao zote kabla ya kulishika. Na nyuma ya pazia la jikoni niliwahi kusikia wanawake wawili wakinong'ona, mmoja akisema hiyo soie ya Odette ameiona wapi, mwenzake akimjibu nyamaza, utavaa nini wewe siku yako? Nilicheka kimya nikaendelea kuosha sahani. Neno lile lakini lilinikaa.

Pale Clairwood mkubwa wetu alikuwa Aunty Devi, mwanamke wa Kihindi aliyezaliwa Durban, mfupi, mwenye sauti ya kutoboa mvuke. Wote tulimwita Aunty, hata waliomzidi umri. Aliweza kushika ukosi wa shati akakwambia mwenye shati anafanya kazi gani. Dizeli hukaa kwenye mikunjo ya kiwiko. Vumbi la bandarini ni la kijivu na lina chumvi. Mafuta ya nywele hupanda nyuma ya shingo, na hapo aliniangalia, kwa sababu shingo yangu mwenyewe ilikuwa inang'aa mafuta ya mikono ya Neema. Alichokasirikia ni sisi wapya kutupa nguo zote mashineni kana kwamba ni kitu kimoja. Alisema kila uzi una namna yake ya kuchafuka, na anayefua bila kujua namna hiyo anahamisha uchafu tu kutoka nguo moja kwenda nyingine. Alituambia hayo kwa Kiingereza chake cha haraka, mimi nikidaka nusu na nusu nyingine nikiibuni.

Alipoona maneno hayatuingii, akatuonyesha. Alikata vipande vitano vyeupe, kila kimoja cha uzi wake, ukubwa wa taulo ya jikoni, akavifunga kwenye uzio wa nyuma unaoelekea barabara ambako malori husimama foleni kwenda bandarini, na akatukataza kuvigusa wiki nzima. Jumatatu iliyofuata akavitandaza mezani. Pamba ilikuwa imekuwa mbaya kuliko zote, nyeusi, kwa sababu ina vinyweleo na inakunywa kila inachopewa. Lakini akaitia kwenye maji na sabuni mbele yetu, ikatoa kila kitu, ikarudi. Pamba inakiri upesi, alisema. Kitani kilikuwa kimebaki karibu kisafi, uzi wake mrefu na laini, masizi yalikuwa yameteleza. Kipande cha sufu, alichokata kwenye blanketi kuukuu, tulikiona kisafi pia, mpaka alipokikung'uta na wingu la vumbi likatupanda puani. Poliesta ilikuwa na doa moja tu, la kidole. Mtu mwenye mafuta mikononi aliigusa licha ya kukatazwa, na kidole chake kilikuwa pale, na baada ya kufuliwa bado kilikuwa pale. Poliesta inapenda mafuta na inachukia maji, kwa hiyo ukichelewa hakuna wa kuwatenganisha. Cha mwisho kilikuwa nailoni. Kilikuwa cheupe. Nilikichukua mkononi, nikakisugua kati ya vidole, na kitambaa hicho nilikuwa nakijua, kwa Mama Odette.

Aunty Devi alikuwa anaanza kusema jambo jingine kuhusu nailoni. Lori la overoli likaingia, wakahitaji mtu wa kupokea magunia, na mimi nikajitolea. Sikuwahi kujitolea kupokea magunia, ni kazi ya kuvunja mgongo. Siku ile nilitaka kuwa peke yangu na furaha ya kujua siri ya mtu mkubwa. Ningelibaki dakika tano zaidi, sura hii ya maisha yangu ingekuwa fupi sana.

Mwezi ule bibi harusi aliyetangulia alikuwa amelirudisha gauni likiwa aibu tupu. Alilivaa kupiga picha ufukweni, pindo likafuta mchanga na lami ya maegesho, kisha akala nalo karamu nzima, na tone la mawese lilikuwa limeketi kifuani. Kesho yake alihamia Cape Town na mumewe. Na aliyefuata kulivaa alikuwa Neema wangu, aliyekuwa amepata mchumba, Jumamosi ya wiki ya pili. Mama Odette aliniita, akanikabidhi gauni kwa mikono miwili. Weye unafanya dobi, akasema, kwa hiyo ufue weye, na akarudia yote: mkono, baridi, mche, peke yake. Nikasema ndiyo Mama, nikiwa na uso wa kanisani.

Nyuma ya chumba chetu, karibu na bomba, nilivuta uzi mmoja mdogo ndani ya pindo nikauwasha kibiriti. Aunty Devi alikuwa ametufundisha: hariri hunuka kama nywele zinazoungua na majivu yake husagika. Uzi wangu uliyeyuka, ukarudi nyuma, ukawa kishanga kigumu kisichovunjika. Nilikimbia kumwonyesha Neema. Nilikuwa na raha mbaya, naisema kama ilivyokuwa, raha ya kumshusha mtu ambaye kila Jumapili alinilisha. Neema alikitazama kile kishanga kwenye kiganja changu, akaniuliza sasa kinabadilisha nini. Nikamjibu kinabadilisha kila kitu: nailoni ni nguo ya nguvu, si ya kubembelezwa, nitaitia mashineni Clairwood saa ya chakula na jioni utakuwa nayo. Na nipe na kile kitenge chako kipya cha siku ya pili ya harusi, nikaongeza, kinakwaruza kwa wanga, nikilainishe humo humo. Kilikuwa kitenge cha buluu nzito, kizuri mno, alichokinunua akijinyima. Akanipa. Aliniamini, ndiyo shida ya marafiki.

Nilitumia maji ya moto kwa ajili ya mawese. Nilipofungua mlango wa mashine, mawese yalikuwa yametoka, lami imetoka, mchanga umetoka, na gauni lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyoingiwa na wino. Si madoa. Ingekuwa madoa ningejua pa kusugua. Lote, kutoka bega hadi pindo, kwa usawa wa kutisha, huku mashati mawili ya pamba niliyokuwa nimeyatupia humo kujaza nafasi yakiwa hayana hata alama. Niliketi sakafuni kwenye maji. Siku tisa zilikuwa zimebaki. Katika kanisa letu hakuna msichana aliyekuwa na gauni jingine, na Neema hakuwa na familia upande huu wa dunia wa kumtafutia. Alikuwa na gauni hilo na mimi.

Aunty Devi alikuja, akatazama, akanisaidia kuinuka kwa kunivuta sikio kidogo. Kisha akanipa ile nusu ya somo niliyoikimbia. Nailoni, alisema, haichafuki uzioni, inachafukia majini. Vumbi linaiacha, mafuta yanaiachia, lakini iweke kwenye maji pamoja na wengine na itakunywa kila rangi itakayoikuta, na ukiyapasha moto inakunywa kwa pupa. Ndiyo maana vyeupe vya nailoni vinafuliwa peke yake, siku zote. Nikamuuliza kama inatoka. Akasema ipo dawa ya unga, inatoa mara nyingine, na mara nyingine inaondoka na kitambaa. Nikamwomba tuanze sasa hivi. Akakataa. Nguo ya mtu haijaribiwi dawa bila mwenyewe kujua, akasema, na akanifungia mlango wa chumba cha dawa mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo nililikunja lile gauni likiwa bichi, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda teksi kwenda Isipingo nikiwa nimelipakata. Kila robot, taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu, na kwa mara ya kwanza nilizishukuru. Nilipanga maneno. Nilifikiria kusema lori, kusema mashine mbovu, kusema mtu mwingine. Mama Odette alikuwa amekaa jikoni akichambua majani ya mihogo kwenye sinia, mguu mbovu umewekwa juu ya ndoo. Nikautoa mfuko, nikalifungua gauni mbele yake, na maneno yote niliyoyapanga yakanihama. Akaliweka sinia chini, akafuta mikono.

"Uliifua na nini?" aliuliza.

"Na kitenge ya Neema. Kwa mashine. Maji ya moto."

"Na mimi nilikuambia nini?"

"Peke yake, maji baridi, juu iko soie." Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na hata katika aibu ile kiburi kilikuwa bado kinatafuta pa kupumulia. "Lakini Mama, haiko soie. Nilichoma uzi. Iko nailoni."

Akashusha mguu kutoka kwenye ndoo. Akaenda mpaka mlangoni, akachungulia sebuleni, akaufunga, akarudi akaketi.

"Espé, weye unafikiri mimi sijui? Ile robe niliitoa mu balo ya mitumba, Lusaka, tukiwa njiani kuja huku. Etiketi ilikuwa hapa ku shingo, imeandikwa nailoni. Niliikata mimi mwenyewe, na mkasi."

"Sasa juu ya nini unasema soie?"

"Kwetu nilikuwa na jupon ya nailoni, ya kuvaa ndani ya robe, nyeupe. Niliifua na pagne, kitenge kama ya Neema. Mara moja tu." Akalivuta pindo la gauni, akalipitisha kwenye vidole. "Ukimwambia msichana hii ni nailoni, anaitupa na soksi za bwana. Ukimwambia soie, anaogopa. Bote banaogopa. Weye peke yako ulijua ni nailoni. Na ukafanya nini?"

Nililia palepale, juu ya majani ya mihogo, na nililia zaidi kwa sababu hakuwa amekasirika. Alionekana amechoka tu, na mguu unamuuma. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza huyo Mhindi wako anasema nini. Nikamweleza habari ya dawa, kwamba inaweza kutoa na inaweza kuharibu. Akafikiri. Akasema basi mwambie nimekubali, lakini kwanza utakwenda kumwambia Neema, leo, kwa mdomo wako, asije akalisikia saluni.

Hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Neema alisikiliza akiwa amesimama, bado na vazi la saluni na nywele za watu zimemganda mikononi. Hakupiga kelele. Aliuliza kama kitenge kilikuwa salama, nikasema ndiyo, akasema asante, akavuta pazia. Siku mbili hakunisemesha. Alipika sahani mbili kama kawaida, akaniwekea yangu juu ya beseni lililogeuzwa, akala yake akiutazama ukuta, na katika chumba kile kidogo niliusikia kila mmezo wake. Siku ya tatu nilimweleza kwamba kesho tunatia dawa, na kwamba kama gauni litakufa nitakwenda nyumba kwa nyumba kumtafutia jingine, hata kwa Wazulu wa barabara ya juu. Akajibu kupitia pazia kwamba anakuja kuona mwenyewe.

Alikuja kweli. Aliomba ruhusa saluni, akasimama Clairwood katika mvuke akiwa ameziba pua, maana dawa ile hunuka kama kibiriti na yai lililooza. Aunty Devi alipima unga kwa kijiko, akapima joto kwa kiwiko, akaliingiza gauni kwenye pipa na kunikabidhi mti wa kukorogea. Polepole, bila kusimama, alisema, na usiongee. Nilikoroga, na kila nilipotaka kutazama aliniambia bado. Tulimwaga maji ya kwanza yakiwa na rangi ya bahari chafu. Ya pili yakawa hafifu. Baada ya ya tatu Aunty Devi akazima mvuke, akasema kitambaa hakitavumilia ya nne. Tukaliinua, Neema ameshika bega moja na mimi jingine, tukalipeleka kwenye mwanga wa mlangoni. Lilikuwa jeupe. Lakini si jeupe la zamani: ndani kabisa, ukilijua, kulikuwa na buluu ndogo iliyokataa kutoka. Nikaanza tena kuomba msamaha. Neema akaninyamazisha. Akanikumbusha kwamba nyumbani mama zetu walikuwa wanatia buluu kwenye maji ya mwisho makusudi, ili vyeupe viwe vyeupe zaidi, na sisi tumefanya hivyo kwa njia ndefu. Akaanza kucheka, nami nikacheka, na Aunty Devi, ambaye hakuelewa hata neno, akatufukuza tukachekee nje.

Jumamosi ile nilikaa benchi la tatu. Neema alipoingia, jua la dirishani lilimpata, na nyuma yangu nikawasikia wale wanawake wawili wa pazia la jikoni. Mmoja alisema lile gauni wamelipeleka wapi, limekuwa jeupe kuliko siku zote. Mwenzake akajibu, ndiyo soie hiyo, haizeeki. Mama Odette, aliyekaa mbele yangu, hakugeuka, ila niliyaona mabega yake yakitikisika. Jumatatu akanitumia ujumbe kwamba kuanzia sasa maharusi hawatafua tena, nitafua mimi. Wasichana walipojua soie ya Mama Odette imekabidhiwa mikononi mwangu, wakaanza kuniletea na vitu vyao vya kuogopwa, suti za harusi, mashela, kanzu za wachungaji. Aunty Devi akanitoa kwenye magunia akaniweka kwenye meza ya madoa, na kutoka kwenye meza ile, miaka baadaye, ndipo lilipotoka duka langu. Nimefua mengi. Pamba bado inakiri upesi, na poliesta bado inanitesa. Nailoni nyeupe sijawahi tena kuichanganya na kitu.

Basi Jumanne ile nilikuwa bado nimekaa kitandani kwa marehemu, gauni magotini, alipoingia Grâce, bibi harusi wa mwezi ujao, msichana wa miaka ishirini na kitu mwenye simu mkononi. Nyuma yake wakaja Neema, ambaye sasa ana miwani na wajukuu wawili, na wengine watatu waliowahi kulivaa. Walitaka kuona. Grâce aliligusa ukosi kwa ncha ya kidole, akalisugua kidogo, na nikaona jicho lake linavyofikiri. Anasomea mambo ya mitindo huyu, ananikumbusha mtu.

"Maman Espé," aliuliza, "hii iko soie kweli?"

Mama Odette alikuwa kwenye jeneza, hakuna tena wa kuaibika, na nilifikiri labda umefika wakati wa kusema ukweli. Kabla sijafumbua mdomo, Neema alijibu.

"Soie," alisema.

"Soie," wakasema wale watatu nyuma yake, pamoja, upesi mno, bila kutazamana. Nami nikawatazama mmoja baada ya mwingine, wanawake wazima, na nikafahamu kwamba kila mmoja wao kwa wakati wake alikuwa amelishika lile gauni, akalijua, na akanyamaza. Miaka yote ile nilidhani siri ni yangu mimi na Neema.

Grâce alikuwa ananisubiri mimi. Nikalikunja gauni, nikalirudisha ndani ya shuka lake la pamba, nikamwekea mikononi, na nikamwona anaivua pete yake na kuitia mfukoni.

"Soie," nikamwambia. "Ukimaliza niletee. Linafuliwa peke yake."